Mpango wa Geti la Kufunguka Lenyewe

Haya hayakutokea kwetu. Yalitokea nchi nyingine kabisa, na jina la nchi hiyo silitaji kwa sababu sijaomba kibali cha kulitaja. Msomaji akiona mtu wa humu anafanana na mtu anayemjua, basi macho yake yana kasoro, aende akapimwe.

Katika nchi hiyo kuna kilima kinachoitwa Kitopeni. Chini ya kilima kuna barabara ya lami, juu kuna nyumba saba, na kati ya lami na nyumba saba palikuwa na njia. Ilichimbwa kwa majembe na wakazi wenyewe, mwaka wa mafuriko, kwa wiki tatu, na naweza kukutajia nani alileta jembe na nani alileta maneno matupu. Nyuma ya nyumba hizo ni korongo. Kushoto ni ukuta wa kambi ya jeshi. Kulia ni ukuta wa kiwanda cha betri kilichokufa, juu yake wamepanda vipande vya chupa. Kwa hiyo mtu wa Kitopeni alikuwa na njia moja tu ya kwenda sokoni, hospitali na makaburini, na hakuona kwamba ni shida, maana njia ilikuwa yake.

Kisha akaja Mheshimiwa Eleuteri Sangula. Wakati huo alikuwa bado si Waziri wa Mipango na Maandalizi ya Mipango. Alikuwa naibu wa katibu wa kitu fulani, na alikuja kwa miguu, kofia mkononi. Aliomba lori la mchanga lipite kwenye njia yetu kwa wiki moja tu. Tukampa wiki moja. Ilikuwa Jumanne, na wiki hiyo haijaisha mpaka leo.

Baada ya mchanga yalikuja matofali, baada ya matofali ikaja nyumba ya ghorofa, ikakaa katikati ya kilima, chini yetu, na njia yetu ikapita ubavuni mwake. Zikasimama nguzo mbili pale njia inapoungana na lami. Tukauliza. Tukaambiwa ni mapambo. Likaja geti la chuma la kusukuma kando, lenye magurudumu manne yanayotembea juu ya reli. Tukauliza. Tukaambiwa ni kwa usalama wetu, na kweli, tangu siku hiyo hakuna mwizi aliyekuja kutuibia ile njia, maana ilikuwa imeshaibiwa. Katika karatasi za wizara ikaandikwa "njia ya gari ya makazi ya Mheshimiwa", na sisi tulioichimba tukaandikwa "wageni wa mara kwa mara".

Kulisukuma geti akaajiriwa Mzee Nandonde, mtu mrefu mwenye mikono kama makasia. Gari la Mheshimiwa alilifungulia kwa saluti. Sisi alitufungulia kwa matusi, kwa sababu kabila lake na letu ni watani, na mtani asipokutukana asubuhi unajua anaumwa.

"We mchawi wa sufi," alikuwa akimwambia Bi Somoe, "leo umemficha nani ndani ya godoro?"

"Nafasi yako nimeiacha tupu," Bi Somoe anajibu, godoro kichwani, bila kusimama. "Na siku ukifa nitakuja kuchukua jeneza, wewe uzikwe na mkeka."

Bi Somoe Chipande ni fundi wa magodoro ya sufi, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Ndiye aliyekwenda Baraza la Njia kudai kwamba njia ya Kitopeni ni ya watu wa Kitopeni. Alikwenda akiwa na miaka hamsini na miwili. Sasa ana sitini na mmoja, na kesi imeahirishwa mara thelathini na nane, mojawapo kwa sababu mwenyekiti alikuwa amevaa miwani ya kaka yake.

Mwaka huo hatimaye ikapangwa tarehe ya hukumu. Sasa sheria ya nchi hiyo ina kifungu kimoja kifupi, hebu kisome taratibu: njia ambayo mdai hakuipita kwa miguu yake kwa siku tisini mfululizo, dai lake limekufa, na njia ni ya mwenye geti. Tarehe ya hukumu ilikuwa mbele kwa siku tisini na nne. Waraka wa geti ulibandikwa kesho yake asubuhi. Mimi sisemi kitu. Nasema tu ulibandikwa kesho yake asubuhi.

*

Waraka ulisema hivi: "Wananchi wa Kitopeni mnatangaziwa furaha. Serikali imeamua kwamba geti la makazi ya Mheshimiwa Waziri sasa litafunguka lenyewe, kwa mota na rimoti, bila kusukumwa na binadamu. Mpango wa kazi hiyo utaandaliwa na Kamati ya Maandalizi ya Mpango. Ili vipimo visiharibike, geti litabaki limefungwa kipindi chote cha maandalizi. Wananchi mnaombwa kufurahi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili na robo."

Tulifurahi. Aliyekuwa anapiga mswaki alifurahi na povu mdomoni. Saa mbili na robo tulipokwenda getini kutoka, tulikuta kufuli, na juu ya kufuli utepe, na juu ya utepe lakiri nyekundu yenye muhuri wa wizara. Mheshimiwa na familia yake walikuwa wameshaondoka alfajiri, kwa ziara ya mafunzo katika nchi sita zenye mageti.

Nandonde alikuwa amesimama upande wa nje, amegeuza mgongo. Mgongoni, kwenye shati, walikuwa wamempiga chapa ya namba kwa rangi nyeupe.

"Mtani, wamekuandika kama gunia la mbolea," Bi Somoe akamwambia kupitia nondo.

"Mimi sasa ni Kifaa cha Muda cha Kufungulia, Modeli ya Zamani," akasema Nandonde. "Nimeingizwa kwenye orodha, kati ya kiti na kopo la maji."

"Basi wamekupandisha cheo."

Hakucheka. Hapo ndipo Bi Somoe alipoanza kuhesabu siku. Kila asubuhi alifunga fundo moja kwenye uzi wa kushonea magodoro, akashuka mpaka getini, akalitikisa, akarudi.

*

Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na wanne, na ilikaa ndani ya hema nje ya geti. Mwenyekiti wake alikuwa Injinia Kilumanga, kijana nadhifu aliyesoma sana, na alisoma kwa kodi yetu, kwa hiyo tulimwona kama mali yetu. Wiki ya kwanza kamati ilijadili kama geti ni la nje au la ndani. Ikatoa ripoti ya kurasa arobaini, yenye jedwali, ikihitimisha kwamba geti lina pande mbili. Wiki ya pili walilipima, wakagundua kwamba saa sita mchana chuma huwa kirefu kuliko asubuhi kwa unene wa ukucha. Ikaundwa kamati ndogo ya kivuli.

Bi Somoe akashuka.

"Shikamoo, mama," akasema Injinia, maana adabu alikuwa nayo.

"Marahaba, baba. Nifungulie nipite."

"Geti halifunguliwi, mama. Linapangwa."

"Si mmeshalipima jana?"

"Jana tulilipima likiwa limefungwa."

"Na leo?"

"Leo tunahakiki kama bado limefungwa."

"Limefungwa, mwanangu. Nimelijaribu mwenyewe asubuhi hii."

Injinia akamgeukia karani. "Andika," akasema. "Wananchi wameshirikishwa."

Wiki ya nne walifika kwenye rimoti. Ilichukua siku sita kuamua rangi yake. Bi Somoe alisikiliza siku zote sita, amekaa upande wa ndani na sindano yake ndefu, anashona foronya za mito, kisha akauliza: "Na sisi wa nyumba saba tutapewa rimoti ngapi?"

Wajumbe wakatazamana. Injinia akacheka kwa upole, kama mtu aliyeulizwa na mtoto mwezi unalala wapi.

"Mama, rimoti ni kitu nyeti. Itakuwa moja, na itakaa na Mheshimiwa."

"Na Mheshimiwa akisafiri?"

"Akisafiri Mheshimiwa, mama, mwenye haja ya kutoka ni nani?"

Nalinukuu jibu hilo kama lilivyo. Nimelibeba muda mrefu, na sijaona pa kulitua.

*

Msidhani tulikufa njaa. Serikali ya nchi hiyo haina ukatili wa namna hiyo. Unga ulipita kati ya nondo, ukiwa kwenye mifuko myembamba. Daktari alikuja kila Alhamisi, akawa anatuambia tutoe ulimi nje ya geti, yeye anautazama. Mwalimu alisimama nje na ubao, watoto wakakaa ndani, na ukaguzi ukasema nidhamu imepanda sana kwa kuwa hakuna mwanafunzi anayetoroka.

Siku ya arobaini na moja alifariki Mzee Kungulilo, mkubwa wa nyumba saba. Makaburi yako ng'ambo ya lami. Kamati ikakaa kikao cha dharura, ikaruhusu maiti apitishwe juu ya geti kwa kamba. Tukafunga jeneza, wengine wakavuta, wengine wakapokea. Alipofika juu kabisa, kule nje Nandonde akapaza sauti, kama mtani anavyotakiwa kufanya msibani: "Mjanja wewe Kungulilo! Umeona foleni ndefu ukaamua kupita juu! Toa kitu basi, tumekubeba!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka.

Bi Somoe akamshika Injinia kwa maneno. "Ninaomba kumsindikiza. Nifungulie dakika tano."

"Haiwezekani, mama."

"Kungulilo mmemruhusu."

"Marehemu ameruhusiwa kwa sababu harudi."

"Basi nipitisheni mimi pia juu, kwa kamba."

Injinia akafungua jalada lake, akamwonyesha kifungu kwa kidole safi. "Kwa miguu yake, mama. Hapa ungekuwa umepita kwa tumbo." Ndivyo tulivyojua kwamba kifungu cha siku tisini kilikuwa ndani ya jalada la geti tangu mwanzo, kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

*

Fundo la sabini na tisa. Wajumbe walikuwa wamekwenda kula. Bi Somoe akamwita Nandonde karibu.

"Mtani, hatua moja tu. Unavuta geti kiasi cha upana wa mtu, naruka reli, narudi. Godoro la sita kwa sita nitakupa, sufi ya msimu huu."

"Kufuli lina lakiri, Somoe."

Alimwita kwa jina. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumwita kwa jina, na Bi Somoe akajua utani umekwisha, sasa wanazungumza.

"Lakiri ni nta, Nandonde."

"Ni nta. Na mimi nimebakiza miezi miwili nistaafu. Mtu akikosea kazini anasimamishwa, anajieleza, anarudi. Kifaa kikikosea kinauzwa chuma chakavu. Sina hata pa kupeleka barua ya kujieleza, maana kopo la maji haliandiki barua."

"Mimi nimebakiza siku kumi na moja."

"Najua. Nami nahesabu."

Kisha Nandonde akasema, kwa sauti ya kujilazimisha, "Nenda zako, mchawi wa sufi, usinitie uvivu."

*

Siku ya themanini na nane Mheshimiwa alileta habari kwamba anarudi, na kwamba siku ya tisini atazindua. Si geti, jamani. Mota haikuwa imenunuliwa. Atazindua mpango wa geti, ambao ulikuwa kitabu chenye jalada gumu.

Akatangulia Bi Adelina wa Itifaki, mama mmoja mnene, mwerevu, ambaye alikuwa ameshazindua mipango mia mbili na hakuwahi kuona hata mmoja ukitekelezwa. Akapitia ratiba: dua, wimbo, hotuba, kukata utepe. Akafika namba saba, akavua miwani.

"Mwananchi wa kushukuru yuko wapi?"

Katika nchi hiyo uzinduzi hauwezi kufanyika bila mwananchi wa kushukuru. Lazima atoke eneo la mradi, atembee kwa miguu mbele ya kamera, amshukuru mgeni rasmi, ainame. Bila yeye kinachobaki ni watu wakubwa wamekaa juani.

"Wanufaika wako ndani ya geti," akasema Injinia. "Tutawapitishia kipaza sauti kati ya nondo."

"Shukrani za kwenye nondo, Injinia? Picha itasema tumewafunga."

"Lakini tume..." Akajikatiza. "Geti halifunguliwi kabla ya siku ya tisini kupita."

"Dakika tatu. Linafunguliwa, anatoka, anashukuru, anainama, anarudi, linafungwa. Nataka mwanamke, mtu mzima, mwenye sauti." Akasogea kwenye nondo, akamwona Bi Somoe na sindano yake. "Kama huyu."

"Huyo hapana!" Injinia akaruka. "Huyo ndiye mdai!"

"Mdai wa nini?"

"Wa njia!"

Bi Adelina akatazama karatasi yake. "Mambo ya njia ni idara ya Baraza. Mimi ni Itifaki. Kwenye orodha yangu huyu ni mnufaika." Akaandika jina kwa mkono wake, akagonga muhuri, na katika nchi hiyo kilichogongwa muhuri na Itifaki hakifutwi hata na Mheshimiwa mwenyewe, kwa sababu muhuri wa kufutia unatunzwa Itifaki.

Mazoezi yakafanyika palepale, mmoja nje mmoja ndani.

"Ukimaliza unainama, unarudi ulikotoka," Bi Adelina akaelekeza. "Usisahau kuinama, mama. Usipoinama shukrani zinahesabiwa zinaendelea."

"Zikiendelea inakuwaje?"

"Hakuna anayeruhusiwa kukukatiza. Wala kukuondoa. Wala kusogeza chochote cha shughuli, mpaka uiname. Ni miaka mitatu jela kumkatiza mtu anayemshukuru Mheshimiwa."

"Miaka mitatu!"

"Bila faini."

"Ni mimi tu, au hata jirani akinipokea zamu?"

"Mwenye jina kwenye ratiba peke yake."

"Nimeelewa, mwanangu," akasema Bi Somoe. "Naomba nikashone gauni."

*

Siku ya tisini jua lilikuwa kali. Mheshimiwa alishuka kwenye gari kule lami, amenenepa kwa mafunzo. Koti lake lilikuwa na vifungo vya dhahabu. Akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Kuna watu wanauliza, geti liko wapi? Nawauliza wao, roho iko wapi? Umewahi kuiona? Geti ni chuma. Chuma hushika kutu. Lakini mpango! Mpango haushiki kutu! Nimetembea nchi sita. Kote nimeona mageti yanafunguka. Nikajiuliza, hawa wamefikaje? Walianza kwa kutofungua!"

Makofi. Sisi tulikuwa ndani, tumepangwa mstari nyuma ya geti kwa ajili ya picha.

"Namba saba!" akaita Bi Adelina.

Lakiri ikavunjwa. Kufuli likafunguliwa. Nandonde akaweka mikono yake yote miwili kwenye chuma, akasukuma, na geti ambalo halikuwa limesogea kwa siku tisini likalia kama ng'ombe anayezaa. Likafunguka lote.

Bi Somoe akatoka. Akavuka reli. Akaenda hatua moja, mbili, tatu, nne, tano nje. Karani wa Kamati akaziandika kwa sababu ndiyo kazi yake. Injinia akafumba macho. Bi Somoe akapokea kipaza sauti, na badala ya kupanda jukwaani akageuka, akarudi mpaka kwenye reli, akaketi juu yake, katikati kabisa, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

"Njoo mbele, mama, usiogope," Mheshimiwa akasema kwa huruma, maana alidhani ni unyenyekevu.

"Hapa panatosha, Mheshimiwa. Nikitoka nje napita mwenyewe, mara moja. Nikikaa hapa wanapita wote." Akaweka kipaza sauti mdomoni. "Ninashukuru."

Makofi.

"Ninashukuru kwa mwaka wa kipindupindu, mlipotuletea mabango. Yalikuwa makubwa, tuliezekea choo. Ninashukuru kwa mwalimu wa hesabu mliyetuahidi uchaguzi wa pili, jina lake lilifika, mwenyewe bado. Ninashukuru kwa marehemu mume wangu, Issa Mkwawira, mliyemwita kituoni dakika tano mumuulize kuhusu kikao cha njia. Alirudi baada ya miezi minane, sikio moja halisikii. Ninashukuru mliacha moja."

Makofi yakaanza, yakafa njiani. Polisi mmoja akapiga hatua, Bi Adelina akamshika mkono. "Anashukuru!" akamnong'oneza kwa hofu. "Unataka miaka mitatu?"

Na hapo, nyuma ya Bi Somoe, mtu wa kwanza wa nyumba saba akapita. Akafuata wa pili. Walikuwa wanapita pembeni yake, kushoto na kulia, wanamgusa bega, wanatoka mpaka lami, wanasimama, wanashangaa, wanarudi, wanatoka tena. Mjane wa Kungulilo alivuka barabara moja kwa moja kwenda makaburini, hakuaga mtu.

Gari la Mheshimiwa halikuweza kupita, kwa kuwa gari halina bega la kupitia.

*

Saa tisa alasiri Mheshimiwa alichoka. Itifaki haimruhusu mgeni rasmi kuondoka anaposhukuriwa, kwa hiyo baada ya mashauriano alivua koti lake, likatundikwa kwenye kiti cha jukwaani limwakilishe, naye akaenda hotelini. Wakubwa wanaopita lami hulipigia saluti. Mvua ikinyesha hushikiwa mwavuli.

Kamati haikuvunjwa. Iliongezwa wajumbe. Sasa inapanga namna geti la kufunguka lenyewe litakavyojifunga penye mtu. Wakampa Nandonde amri ya maandishi: asimame, mkono kwenye geti, na Bi Somoe akiinama tu, asukume. Tangu hapo amesimama. Wamemwekea kopo la maji pembeni.

Siku ya tisini na nne tulikwenda Baraza watu kumi na wanne. Karani akatoka ukumbini akaita jina la Bi Somoe mara tatu.

"Mdai yuko wapi?" akauliza mwenyekiti wa Baraza.

"Amekaa kwenye reli," tukasema. "Anamshukuru Mheshimiwa."

Mwenyekiti akasimama wima, kama sheria inavyotaka shukrani zinapotajwa. Akafikiri akiwa amesimama. Kuifuta kesi kungekuwa kumkatiza. Kuisikiliza bila yeye haiwezekani. Akatamka kwamba mdai aliipita njia siku ya tisini, dai lake ni hai, na ushahidi wake ni mzuri kuliko wowote aliowahi kuuona. Kwa hiyo hukumu itasomwa mara tu shukrani zitakapokwisha na mdai atakapofika mbele ya Baraza kwa miguu yake.

Tulirudi tunatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kumwambia. Mwishowe tulimwambia wote kwa pamoja, na alisikiliza mpaka mwisho. Miguu yake ilikuwa imevimba. Juu ya reli tulikuwa tumemtandikia kijigodoro chake mwenyewe, na watoto waliokuwa wanatoka shule walikuwa wanamruka.

"Yaani nikiinuka nimeshinda," akasema.

"Ndiyo."

"Na geti linafungwa kabla hukumu haijasomwa."

Nandonde ndiye aliyesema, kutoka pale aliposimama.

"Mtani, mkono umekufa ganzi."

"Uondoe."

"Nikiuondoa nimekwisha. Inama wewe, tumalize wote."

Bi Somoe akainua uso akamtazama. "Nikiinama, Nandonde, utasukuma?"

Yule mzee akautazama mkono wake, kana kwamba ndio ulioulizwa. Watu waliokuwa wanapita wakasimama. Hata Injinia kule hemani aliinua kichwa.

"Nitasukuma," akasema Nandonde.

Bi Somoe akaitikia kwa kichwa. Kisha akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo, akageukia lile koti.

"Ninashukuru tena, Mheshimiwa," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imekauka. "Ninashukuru kwa kutuletea Mzee Nandonde. Nimeuliza watu wenu maswali miaka tisa, na leo ndiye wa kwanza kunijibu."